Mashine Kuukuu za Kamari: Zifunguliwe, Zisirembwe

Iko kazi moja ya mikono iliyojipatia wapenzi wengi katika nchi za Marekani na Uingereza, nayo ni kazi ya kufufua mashine kuukuu za kamari. Tunazungumzia zile mashine za sarafu zenye magurudumu matatu yaliyochorwa malimau, machungwa, cheri na kengele, na mkono mmoja wa chuma ubavuni. Mpenzi wa kazi hii hununua sanduku lililooza ghalani, hulipeleka karakanani, akalifungua skrubu moja moja, na baada ya miezi kadhaa hulitoa likiwa linang'aa kama siku lilipotoka kiwandani. Wako hata wanaounda mashine nzima kutokana na mabaki ya mashine tatu au nne zilizokwisha kufa.

Makala haya hayakusudii kuwakejeli mafundi hao. Yanakusudia kuuliza swali moja ambalo wengi wao hawalipendi. Kitu kilichoundwa ili kumnyang'anya mtu fedha yake huku akicheka, kikishafufuliwa, kionyeshwe kwa watu upande gani: usoni au mgongoni?

Jibu letu ni mgongoni. Tunalisema jambo hili mbele ya makundi mawili yanayopingana, na kwa maoni yetu yote mawili yamekosea. Kundi la kwanza ni la warembaji, wanaoing'arisha mashine kwa nje, wakaiweka sebuleni kama pambo, na kuifumba midomo. Kundi la pili ni la wavunjaji, wanaodai kwamba dawa ya mashine ya kamari ni nyundo na moto tu. Wa kwanza wanaficha ushahidi, na wa pili wanauteketeza. Mwisho wake ni ule ule: raia wa kawaida habaki na elimu yoyote.

ILIKOTOKA

Mashine ya magurudumu matatu ilizaliwa San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1890. Aliyeiunda ni Charles Fey, fundi mhamiaji kutoka Bavaria, Ujerumani, na aliipa jina la Liberty Bell, yaani Kengele ya Uhuru. Angalieni ujanja wa jina hilo! Chombo cha kumfunga mtu kikabandikwa nembo ya ukombozi wa Wamarekani. Kengele tatu zikijipanga mstari mmoja ndizo zilizoleta malipo makubwa kuliko yote.

Biashara ilipoonekana kuwa na faida, wakubwa wa viwanda hawakuchelewa kuivamia. Kampuni ya Mills Novelty ya Chicago iliiga mashine ya Fey na kuzitengeneza nyingine kwa wingi. Wakati huo sheria za kupinga kamari zilikuwa zikizidi kukaza. San Francisco ilizipiga marufuku mashine hizo mwaka 1909, na jimbo zima la California likafuata mwaka 1911. Hapo ndipo matunda yalipoingia. Wenye mashine walidai kwamba eti hawaendeshi kamari, bali wanauza chingamu yenye ladha ya matunda! Malimau, plamu na cheri tunazoziona hadi leo katika michezo hii ni kumbukumbu ya udanganyifu huo mbele ya sheria. Ile picha ya mstatili mweusi wenye neno BAR nayo inatokana na nembo ya chingamu.

Kwa hiyo, mrembaji anaposema kwamba anahifadhi "michoro mizuri ya zamani," hana budi kuambiwa kwamba michoro hiyo ni vazi la mtu aliyekuwa akimkimbia polisi. Kulihifadhi vazi si kosa. Kosa ni kulionyesha bila kueleza lilivaliwa kwa sababu gani.

TUMBONI MWA MASHINE

Sasa tuifungue mlango wa nyuma, maana huko ndiko kwenye elimu.

Mashine ya Mills haikuhitaji umeme. Sarafu ilipodondoka iliachia komeo, na mchezaji akauvuta mkono. Kwa kuuvuta alikuwa akizikaza springi zilizomo ndani, na springi hizo ndizo zilizofanya kazi yote iliyofuata: kuyarusha magurudumu, kuyasimamisha na kufungua malipo. Yaani hata nguvu ya kuiendesha mashine ilitolewa na yule yule aliyekuwa akinyonywa. Mwenye mashine hakuchangia hata jasho la kiganja. Waingereza na Wamarekani waliiita jambazi mwenye mkono mmoja, lakini mkono uliofanya kazi ulikuwa wa mchezaji.

Pembeni mlikuwa na kipepeo kidogo cha bati kilichozunguka na kukinzana na hewa, kama kidhibiti mwendo cha saa. Kazi yake ilikuwa kupima muda, ili magurudumu yasisimame kwa pamoja. La kwanza lilisimama, kisha la pili, kisha la tatu. Mpangilio huu haukuwa wa bahati mbaya. Mtu aliyeona kengele ya kwanza na ya pili zimekaa mahali pake alibaki amekodoa macho, roho mkononi, akiisubiri ya tatu. Ule muda mfupi wa matumaini ndio bidhaa iliyokuwa ikiuzwa, nao ulipimwa kwa kipande cha bati.

Magurudumu yakishasimama, vidole vya chuma vilisukumwa kuelekea kwenye sahani zenye matundu. Penye tundu kidole kilizama, pasipo tundu kiligota. Vidole vilipozama kwa mpangilio uliokubaliwa, vibao vilivyo chini ya bomba la sarafu viliteleza, na sarafu zikamwagika. Hapakuwa na nyota njema wala jini. Kila malipo yalikuwa tundu lililotobolewa kiwandani na mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake.

Fundi anayezifufua mashine hizi anayajua yote haya kwa vidole vyake. Anajua grisi ya miaka 60 inavyoganda kama gundi, na jinsi ya kuiyeyusha kwa mafuta ya taa. Anajua kwamba springi iliyolegea kidogo hubadili mwendo wote, na kwamba mafuta mengi mahali pasipostahili ni adui kuliko kutu. Huo ni ufundi halisi na tunauheshimu. Lakini mtu mwenye ujuzi kama huo akishamaliza kazi yake, akaufunga mlango wa nyuma na kutuonyesha limau linalong'aa tu, anakuwa kama daktari aliyeupasua mwili, akauona ugonjwa, kisha akaushona bila kumwambia mtu neno.

HESABU ZA KENGELE

Walimu wa hisabati, sikilizeni. Mashine nyingi za zamani zilikuwa na picha 20 katika kila gurudumu. Idadi ya namna ambazo magurudumu matatu yaweza kusimama ni 20 mara 20 mara 20, yaani 8,000. Mashine ikiwa wazi, mwanafunzi wa sekondari aweza kuhesabu picha zake kwa kidole na kuugundua ukweli wote.

Tuchukue mfano. Tuseme kengele zimechorwa 4 katika gurudumu la kwanza, 5 katika la pili, na 1 tu katika la tatu. Namna za kupata kengele tatu ni 4 mara 5 mara 1, yaani 20 kati ya 8,000. Hiyo ni mara moja katika kila michezo 400. Lakini je, kengele mbili za kwanza zitajipanga pamoja mara ngapi? Ni 4 mara 5 mara 20, yaani 400 kati ya 8,000. Hiyo ni mara moja katika kila michezo 20! Maana yake ni kwamba, kwa kila ushindi mmoja wa kengele, mchezaji atauona mara 19 ushindi "uliomponyoka kidogo." Haukumponyoka. Ulipangwa umponyoke. Kengele zimerundikwa mahali ambapo hazigharimu kitu, na zimefanywa adimu mahali ambapo zingegharimu.

Twende hatua moja zaidi. Chukua kila namna ya ushindi, izidishe kwa idadi ya sarafu inazolipa, kisha jumlisha. Ukipata sarafu 6,000 katika michezo 8,000, basi mashine hiyo inarudisha sarafu 75 katika kila 100, na 25 zinabaki kwa mwenye mashine. Mtu mjinga wa hesabu atasema, "Si mbaya, napoteza robo tu." Lakini mchezaji haendi nyumbani na zile 75. Huzirudisha mashineni, naye kwa wastani hubaki na 56. Akizirudisha hizo hubaki na 42, kisha na 32. Mashine haina haja ya kuiba kwa pupa. Inachohitaji ni mtu aendelee kukaa kwenye kiti.

Nani atakataa kwamba somo hili lingeeleweka zaidi mbele ya mashine iliyofunguliwa kuliko mbele ya ubao mweusi peke yake?

HILA JUU YA HILA

Hata hesabu hizo zilizompendelea mwenye mashine hazikuwatosheleza baadhi yao. Waliongeza hila nyingine. Ndani ya mashine walifunga kipande kidogo cha chuma chenye umbo la hilali, wakakiweka kwenye gurudumu la meno, ili mkono wa kusimamisha usiweze kamwe kuangukia katika jino la ushindi mkubwa. Kwa nje picha ya ushindi ilionekana ikizunguka kama kawaida, na mchezaji aliiona ikipita. Lakini kusimama hapo haikuweza, leo wala kesho. Ule uwezekano mdogo uliokuwapo ukafanywa sifuri, na bei ya mchezo ikabaki ile ile.

Wafufuaji wa mashine wamekuta vipande hivi katika mashine za miaka mingi iliyopita, vikiwa bado vimekaa mahali pake. Hapa ndipo uadilifu wa fundi unapopimwa. Akikitoa na kukitupa ili mashine "ifanye kazi vizuri," amefuta alama za vidole vya mwizi. Akikiacha na kunyamaza, ameshirikiana naye. Njia ya haki ni moja: kukionyesha, kukieleza, na kuwaachia watu wahukumu.

Liko pia tatizo la wale wanaounda mashine mpya kwa vyuma vilivyosubuiwa jana, wakazivalisha uzee na kuziuza kama vitu vya asili. Katika jimbo la California sheria inamruhusu mtu kumiliki mashine ya namna hii, mradi isitumike kwa kamari, ikiwa imetimiza umri wa miaka 25. Basi umri una thamani ya fedha na ya sheria, na penye thamani hapakosi mghushi. Sisi hatuoni ubaya wa kuunda mashine mpya kwa kielelezo cha ile ya kale, na kwa kufundishia huenda ikafaa hata zaidi. Ubaya ni uongo. Mashine ilizaliwa katika udanganyifu, na haifai ifufuliwe kwa udanganyifu mwingine.

NYUNDO HAIFUNDISHI

Tuwageukie wavunjaji. Mwaka 1934 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizivunja mashine za kamari kwa nyundo mbele ya wapiga picha, na mabaki yake yakatupwa majini. Ilikuwa picha ya kusisimua. Lakini Frank Costello, mkuu wa genge lililozimiliki, alihamishia biashara yake katika jimbo la Louisiana. Mwaka 1951 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti usafirishaji wa mashine hizi kutoka jimbo hadi jimbo. Nevada, iliyokuwa imehalalisha kamari tangu mwaka 1931, iliendelea kustawi kwa kamari. Katika Afrika Mashariki nako, mwaka 2018 serikali ya Kenya iliendesha msako wa mashine za kamari zilizokuwa zimeenea hadi vijijini, na nyingi zikachomwa moto.

Hatusemi kwamba serikali zilikosea kuchukua hatua. La hasha! Mashine iliyowekwa kinyume cha sheria mahali wanapopita watoto lazima iondolewe. Tunachosema ni kwamba moto huiteketeza mashine, hauteketezi ujinga. Kijana aliyeiona ikiungua hajui bado ilikuwa ikimnyang'anyaje. Kesho italetwa nyingine yenye taa za rangi nzuri zaidi, naye atapanga foleni. Katika kila 100 zinazochomwa, ingefaa ibakizwe moja, ipasuliwe, na ipelekwe mahali ambapo wananchi wataliona tumbo lake.

MASHINE ISIYO NA MGONGO

Msomaji ataniuliza: kwa nini kujishughulisha na vyuma vya babu, wakati mashine za siku hizi ni za kompyuta? Hiyo ndiyo sababu hasa.

Mwaka 1984 fundi aitwaye Inge Telnaes alipewa hataza nchini Marekani kwa uvumbuzi ulioubadili mchezo wote. Katika mpango wake, magurudumu yanayozunguka mbele ya macho hayaamui lolote tena. Kompyuta ndani ya sanduku huchagua namba ya nasibu kwanza, kisha magurudumu huamriwa yasimame mahali panapolingana na namba hiyo. Tuseme gurudumu lina vituo 22 vinavyoonekana, lakini kompyuta inachagua kati ya namba 64, na picha ya ushindi mkubwa imepewa namba moja tu. Jicho la mchezaji linahesabu vituo 22 na kudhani kwamba uwezekano wa picha tatu ni mmoja kati ya 10,648. Ukweli ni mmoja kati ya 262,144. Zile namba nyingine zaweza kurundikwa kwenye mapengo yaliyo jirani na picha ya ushindi, ili aione mara kwa mara ikimpita kwa unywele.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mashine ya zamani ilikuwa mnyonyaji, lakini haikuweza kuficha meno yake kwa mtu mwenye bisibisi. Mashine ya leo haina mgongo wa kufunguliwa, na ukifungua huoni kitu ila vibao vya umeme visivyosema neno. Aliyeielewa ile ya kwanza ndiye pekee atakayejua la kuuliza mbele ya hii ya pili.

Ushahidi upo Uingereza. Huko mashine za matunda zilienea katika vilabu na baa baada ya sheria ya mwaka 1960. Baadaye zikaingia zile za kompyuta, zenye mchezo wa kubahatisha kama namba inayofuata itakuwa kubwa au ndogo kuliko iliyopo. Mnamo miaka ya mwanzo ya karne hii, wapenzi wa kuhifadhi mashine kuukuu walizinakili programu zake na kuziendesha katika kompyuta zao za nyumbani. Kwa njia hiyo waliweza kuurudia mchezo ule ule kutoka mahali pale pale. Waligundua kwamba mashine ilipokwisha kuamua mchezaji ashindwe, akichagua kubwa alishindwa, na akirudia na kuchagua ndogo alishindwa pia! Wakapiga kelele hadharani, na hatimaye mashine za namna hiyo zikabandikwa tangazo la kumweleza mchezaji kwamba huenda akapewa chaguo lisilo na nafasi yoyote ya kushinda.

Jambo hilo halikugunduliwa na warembaji wala wavunjaji. Waliolifichua ni wahifadhi waliokubali kutazama ndani.

LA KUFANYA

Hapa kwetu Tanzania mashine hizi zina jina lake mitaani: dubwi. Kazi ya kusimamia kamari iko mikononi mwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Leseni hutolewa na kodi hukusanywa. Lakini mchezaji aliyesimama mbele ya dubwi na sarafu zake za nauli bado anaamini kwamba mashine "imeshiba" na sasa iko karibu "kutapika." Imani hiyo haiondolewi kwa leseni wala kwa hotuba. Yataondoa macho.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila anayefufua au kuunda upya mashine kuukuu, popote alipo, aiwekee kioo mgongoni, na ubavuni aandike idadi ya picha katika kila gurudumu, malipo yake, na hila aliyoikuta ndani. Pili, walimu wa hisabati na ufundi wachukue somo hili mikononi. Magurudumu matatu ya mbao au ya karatasi ngumu yenye picha 20 kila moja yaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe kwa gharama ndogo sana. Watoto wayazungushe mara 400, waandike matokeo, kisha wajumlishe. Tatu, watumishi wa umma wenye dhamana ya kutoa vibali wadai kutoka kwa mashine mpya kile ambacho mashine ya zamani haikuweza kukataa: kila moja iandikwe wazi, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa, inabakiza shilingi ngapi katika kila 100.

Watakuwapo watakaolalamika kwamba hayo yataharibu starehe ya watu. Tunawajibu kwamba starehe inayoharibiwa na hesabu ya darasa la sekondari haikuwa starehe, ilikuwa mtego. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nasi tunaongeza kwamba hukioni mpaka uivue nguo na kuigeuza.

Mafundi wamekwisha kutuonyesha kwamba mashine iliyokufa yaweza kufufuliwa. Sasa na wafungue mlango wa nyuma.